Video Ghafi ya Mutuini

Inspekta Philister Ogutu aliirudisha video nyuma tena. Chai aliyomiminiwa alipofika kazini ilikuwa imepoa na kufanya utando, na macho yalimwasha kama ya mtu aliyekesha, ingawa alikuwa amelala, vibaya tu. Chini ya dirisha makanga walikuwa wakigombania abiria na kugonga mabati ya magari.

"Madam, hiyo video utaitazama mpaka ianze kukusalimia," alisema Konstebo Mutie kutoka meza ya pili. "Ofisi ya mashtaka imepiga simu tena. Wanataka faili leo."

"Wataipata."

"Sasa tunangoja nini?"

Philister aliibonyeza video ianze upya.

Kesi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Kule Mutuini, mwenye ploti mmoja alikuwa akibomoa nyumba zake kuukuu za kupangisha ili ajenge gorofa. Wapangaji walipewa notisi wakahama, isipokuwa Syokimau, mwanamke aliyefanya zamu za usiku katika chumba cha kufulia cha hospitali. Alikuwa amepata chumba kingine cha kuingia jioni ya siku ile ya kubomoa. Alitoka kazini asubuhi, akajilaza kwenye godoro alilokuwa bado hajalifunga, na alasiri ukuta ukamwangukia.

Aliyeuangusha ukuta huo ni Jackton, dereva wa tingatinga. Jackton hakukana. Alichosema tangu siku ya kwanza ni kwamba alisimamisha mashine, akatoa kichwa nje, akauliza kama kulikuwa na mtu ndani, na Karanja, msimamizi wa kazi, akamjibu kwamba hakuna. Karanja naye aliapa kwamba hakuulizwa chochote wala hakujibu chochote. Kwa hiyo mmoja wao alikuwa mwongo, na ilionekana video imeshamtaja.

Mwenye ploti alitaka filamu ya mradi wake tangu siku ya kubomoa hadi siku ya kufungua, akaajiri studio moja ya Spring Valley. Siku ya kubomoa Karanja alibandikwa maikrofoni ndogo kwenye kola. Katika video ambayo studio iliwapa polisi, tingatinga linaonekana likisimama na mkono wake ukiwa juu. Wakati huo huo sauti ya Karanja inasikika wazi, akiongea kwa simu na muuza kokoto, akilalamika kwamba lori limepotea njia. Hasemi hakuna mtu. Hasemi neno lolote na dereva. Kisha mashine inaendelea na kazi yake.

Philister hakuikubali video hiyo upesi. Kwa wiki nzima alimwandama Karanja, akimshuku kwamba alimlipa mtu wa studio aikate sauti. Maabara ikarudisha majibu: sauti ni nzima, haina mkato. Muuza kokoto naye alithibitisha simu. Jackton akabaki rumande, na sasa hata Mutie alikuwa akimwita "yule mwongo wetu."

"Njoo hapa," Philister alimwambia. "Tuitazame bila sauti."

"Bila sauti tutapata nini?"

"Tumekuwa tukiisikiliza tu. Njoo."

Alizima spika. Tingatinga lilisimama katikati ya vumbi. Jackton alitoa kichwa na bega nje ya kibanda cha dereva, midomo ikasogea. Akangoja. Midomo ikasogea tena. Akangoja kidogo, kisha akaitikia kwa kichwa, akainua mkono kama mtu anayeshukuru, akarudi ndani.

Philister alisimamisha picha. "Umeona?"

"Ameuliza kitu."

"Baada ya hapo."

Mutie aliinama karibu na skrini. Ilimchukua muda. "Ameitikia kwa kichwa."

"Mtu haitikii kama hajajibiwa. Karanja yuko wapi hapo?"

Karanja alikuwa langoni, ukingoni mwa picha, amegeuza mgongo, simu sikioni. Jackton hakuwa akitazama upande huo hata kidogo.

"Anatuangalia sisi," Mutie alisema.

"Anaangalia ilipo kamera. Mtu aliyemjibu alikuwa upande huu, ambao sisi hatuuoni." Philister aliichukua chai, akainusa, akairudisha mezani. "Na sauti yote tuliyo nayo imetoka kwenye kola ya mtu aliyekuwa kule langoni. Hii kamera haina masikio yake?"

"Hata simu yangu inayo."

"Basi sauti ya kamera ilienda wapi?"

Studio ilikuwa nyumba ya kuishi iliyogeuzwa ofisi, nyuma ya ua mrefu uliokatwa sawasawa. Mlinzi aliwaambia kwamba Maxwell, mwenye studio, ametoka kidogo, lakini Ivyne yupo. Walimkuta katika chumba kilichokuwa zamani chumba cha kulala, mapazia yamefungwa mchana kweupe, mbele ya skrini tatu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kichwa amekifunga leso, na alipovua miwani kuwasalimia, alama zake zilibaki puani.

"Mlishachukua kila kitu," alisema. "Ama kuna kitu ingine?"

"Nataka unieleze kazi yako," Philister alisema, akiketi bila kukaribishwa kwa sababu miguu ilimuuma. "Nieleze kama mtu asiyejua kitu. Kwa hili, sijui kitu."

Ivyne alimtazama Mutie, akamrudia Philister. "Kamera zetu zinatoa faili nzito sana. Huwezi kumpa mhariri hivyo hivyo, kompyuta yake italala. Kuna kazi ya katikati. Kunakili kadi za kamera, kuhakikisha hakuna kitu imepotea njiani, kutengeneza nakala nyepesi za kufanyia uhariri, kuoanisha picha na sauti. Hiyo ya katikati ndiyo yangu."

"Kuna programu moja inayofanya hayo yote?"

"Ingekuwapo ningelala mapema." Alicheka bila furaha. "Hapo ndipo tumegombana mwaka huu wote. Kamera mpya zilipofika ilibidi tuchague upya. Kuna njia ya kunakili. Programu inachukua kila faili vile ilivyo, inaiweka kwa diski mbili, inalinganisha na ya kwenye kadi, na haigusi kitu. Halafu kuna njia ya kugeuza. Hiyo inatengeneza faili mpya kabisa, zote za aina moja, na sauti safi ya maikrofoni inawekwa pahali pa sauti ya kamera. Mhariri anaipenda kwa sababu inakuja ikiwa nadhifu. Shida ni kwamba kile imeacha nje hakirudi."

"Ikiwemo sauti ya kamera."

"Ikiwemo. Na ukitaka, ikimaliza inafuta zile faili za mwanzo."

"Mlichagua ipi?"

"Nilijaribu zote kwa kazi za kweli. Nikasema tuchukue ya kunakili. Maxwell akakubali. Kila kazi inapita hiyo."

"Kila kazi?"

Ivyne aliivaa miwani tena, akaishughulikia kuliko ilivyohitaji. "Isipokuwa ya Mutuini."

"Nani aliipitisha ile nyingine?"

"Niliingia Jumatatu nikapata imeshafanywa. Nikauliza, nikaambiwa iko sawa."

"Na kadi zenyewe?"

"Zilifutwa, zikaenda kwa kazi ingine. Zimerekodiwa juu tena na tena."

Mlango ulifunguka kabla Philister hajauliza swali lililofuata. Maxwell aliingia na begi la kamera begani, mwanamume mrefu mwenye ndevu zilizochongwa vizuri. Aliwasalimia wote kwa mkono. "Inspekta! Karibu sana. Wamewapa chai?"

"Tuko sawa. Nina maswali machache tu, halafu tutakuacha. Kazi ya Mutuini uliipitisha mwenyewe kwenye programu ya kugeuza. Kwa nini?"

"Haraka," Maxwell alijibu mara moja. "Nyinyi mlikuwa mnataka video, mteja anataka video, kila mtu anapiga simu. Nikatumia njia ya haraka."

Philister alimgeukia Ivyne. "Ipi inamaliza mapema?"

Ivyne alitazama skrini yake. "Ya kunakili. Ya kugeuza inachukua siku nzima, na kompyuta inachemka mpaka huwezi kuifanyia kitu kingine."

"Ni njia ndefu kwa mtu mwenye haraka," Philister alisema.

"Basi nilichanganya." Maxwell alitabasamu. "Siku hizo tulikuwa tumechoka wote, Inspekta. Mtu amekufa mbele yako, kichwa hakifanyi kazi."

"Kamera ilikuwa na nani?"

"Mimi."

"Na karibu yako?"

"Vibarua wanapita, watu wa mtaa wamekuja kuangalia. Sikuwa nawahesabu."

"Kuna mtu kati yao alimjibu dereva. Nimemwona akijibiwa. Hukusikia?"

"Singeweza. Nikiwa kazini nimevaa hedifoni, na kwenye hedifoni alikuwa Karanja na simu yake ya lori. Muulize mtu yeyote anayefanya hii kazi."

Lilikuwa jibu zuri. Mutie alikwisha kufunga kalamu yake. Philister alihisi uchovu ukimpanda kutoka kwenye miguu, na kwa muda mfupi akaona wazi jinsi siku ingeisha: wangerudi mjini, faili ingepelekwa kwa ofisi ya mashtaka, na kila mtu angeacha kupiga simu. Aliinuka, akaweka mkono juu ya kiti cha Ivyne ili asimame vizuri.

"Ulisema mmegombana mwaka mzima," alimwambia. "Mwaka mzima ni mrefu kwa njia mbili."

"Zilikuwa tatu," Ivyne alisema.

"Ya tatu ni ipi?"

"Ile ilikataliwa," Maxwell alisema. Alikuwa ameinama akifungua zipu ya begi.

"Nimemuuliza yeye."

"Kamera inatuma nakala nyepesi kwa seva yetu ikiwa bado pale kazini," Ivyne alisema. "Inatumia mtandao wa simu. Nikiwa hapa naanza kupanga picha kabla hata hawajarudi. Niliijaribu, Maxwell akasema inakula bando, na kwingine mtandao ni hafifu, unapata vipande tu. Kwa hivyo tukaiacha."

"Mliizima?"

"Niliizima kwa kompyuta, isiendelee kuniletea." Alisita. "Kwa kamera sikuizima. Nilikuwa nangoja pengine abadilishe mawazo."

Mkono wa Maxwell ulisimama kwenye zipu.

"Nakala hizo zina sauti ya nani?" Philister aliuliza.

"Ya kamera yenyewe. Hazina ingine."

"Za Mutuini ziko?"

Ivyne hakufungua kitu. Alijibu akiwa ameshika mikono yake mapajani. "Folda iko. Niliiona. Sikuifungua."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu niliona vile ile kazi ilipitishwa. Nikajua kama kuna sauti pale, itakuwa ya mtu ninayemjua."

Philister hakumruhusu mtu yeyote kugusa kibodi tena. Mutie alipiga picha skrini na mashine ya seva yenyewe, akaandika namba zake, kisha akaleta diski kutoka kwenye gari. Ivyne alielekezwa anakili folda hiyo kwa ile ile programu aliyoichagua mwenyewe, na wote wanne wakasimama wakingoja imalize kulinganisha kila faili na nyingine. Maxwell aliomba atoke nje apige simu. Philister alimwambia atapiga baadaye.

"Sasa tufungue nakala yetu," alisema. "Weka kwa spika."

Picha ilikuwa ndogo na ya ukungu, vumbi na ukuta vikichanganyika. Sauti ndiyo iliyojaa chumbani. Upepo ulipiga maikrofoni ya kamera, injini ikanguruma, mawe yakaporomoka. Kisha injini ikashuka. Mbali, kama mtu aliye ng'ambo ya uwanja, dereva aliita.

"Kuna mtu huko ndani?"

Mbali zaidi, upande wa langoni, sauti ya Karanja ilisikika ikigomba kuhusu lori. Dereva aliita tena.

"Bosi! Kuna mtu ndani?"

Sauti iliyomjibu ilikuwa karibu na kamera kiasi kwamba spika zilikwaruza.

"Hakuna mtu! Twende, twende, jua linaisha!"

Injini ikapanda. Ivyne alijifunika mdomo. Philister alimwashiria asimamishe hapo, kwa maana alijua ni nini kilichofuata, na hakukuwa na haja wakisikie. Hakuna aliyeuliza ile sauti ilikuwa ya nani. Ilikuwa imewakaribisha chai muda mfupi uliopita.

Maxwell aliketi juu ya sanduku la vifaa.

"Kulikuwa na wingu linakuja," alisema. "Mwanga ulikuwa umeshika ule ukuta vizuri sana. Nilijua dakika kidogo utaenda."

"Ulikuwa na hedifoni," Philister alisema.

"Nilikuwa nimeitoa sikio moja."

"Uliangalia ndani ya kile chumba?"

"Hapana."

"Kuna mtu alikuambia hakuna mtu?"

"Milango mingine yote ilikuwa wazi. Vitu zimetolewa. Nilidhani." Alisugua uso kwa viganja. "Mimi si msimamizi. Sikudhani atanisikiza. Nilikuwa tu naongea vile tunaongea kazini, songa, twende, mwanga unaisha. Unasema hivyo mara mia kwa siku."

"Ulikuwa umevaa nini?"

Alimtazama kama hakuelewa. "Vile kila mtu alivaa. Kofia ya kazi. Fulana ya riflekta."

"Na ukajua lini?"

"Nduru zilipoanza. Halafu nikasikiliza kadi nyumbani, ili nijue kama ni kweli nilisema. Nikajipata."

"Ndipo ukachagua programu."

"Ndiyo."

"Ukijua dereva ameshikwa."

Maxwell aliinama. "Nilidhani wataona ni ajali na wamwachilie. Kila siku nilikuwa nafikiria kesho watamwachilia." Kisha akainua uso. "Sikumuua, Inspekta. Nilisema neno tu."

"Mimi sijasema umemuua. Hilo litaamuliwa na wengine. Ninachosema mimi ni kwamba kuna mtu yuko rumande anaitwa mwongo, na ulikuwa na sauti ya kuonyesha anasema ukweli, ukaifuta ukijua." Philister alimpa Mutie ishara. "Simama. Msomee haki zake kabla hajaongeza lingine."

Ivyne aliandika taarifa yake pale pale. Alipomaliza aliuliza kama angepata shida kwa kuwa aliiona folda na kunyamaza. Philister alimwambia ukweli: hakujua. Alimwambia pia aandike hapo kwamba ameitoa alipoulizwa kabla ya kutia sahihi.

Alasiri walimshusha Maxwell kituoni. Mutie alibaki na karatasi, na Philister akaenda rumande peke yake. Angeweza kungoja ofisi ya mashtaka imjulishe Jackton kwa njia ya kawaida, lakini njia ya kawaida alishaijua ilivyo.

Jackton aliletwa katika chumba kidogo cha mahojiano. Alikuwa amekonda tangu siku ile, na mikono yake mikubwa ilionekana kama ya mtu mwingine. Philister alimweleza taratibu: video, kamera, mtu aliyekuwa nyuma yake, maneno yenyewe.

"Kwa hivyo si Karanja," Jackton alisema.

"Si Karanja."

"Lakini nilimwona, madam. Kwa vumbi ile. Kofia, riflekta, mkono juu."

"Uliona kofia na riflekta."

Alilifikiria hilo. "Nimemlaani yule mzee kila siku. Bibi yangu amemlaani. Hata watoto, nyumbani, wameambiwa hilo jina." Alitikisa kichwa. "Na yeye alikuwa anasema ukweli."

"Nyote wawili mlikuwa mnasema ukweli. Ndiyo maana tulichelewa."

"Nitatoka?"

"Faili inaenda leo ikiwa na sauti hiyo ndani. Uamuzi ni wa mahakama, lakini mimi nimeandika kwamba shtaka hili lisisimame. Nadhani utatoka."

Philister alimtarajia ashukuru, au alie, kama wengi. Jackton aliitazama meza.

"Imesikika nikiuliza?" alisema.

"Imesikika. Uliuliza mara mbili."

"Mara mbili." Aliinua macho, na kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze hakuonekana kama mtu anayejitetea. "Sasa kama nilikuwa na wasiwasi mpaka nikauliza mara mbili, kwa nini sikushuka?"

Philister alikuwa na jibu la kisheria, nalo lilikuwa sahihi. Kazi ya kukagua vyumba haikuwa ya dereva. Alifungua mdomo alitoe, akaona Jackton hangoji jibu hilo.

"Mlango ulikuwa pale tu, madam," Jackton alisema. "Ningeshuka nibishe hodi."

Askari wa zamu aligonga kuonyesha kwamba muda umekwisha. Philister alisema amesikia, lakini hakuinuka.